Kurekodi sauti ya kompyuta katika Linux

Kurekodi sauti ya kompyuta katika Linux ni kunasa sauti inayochezwa na kompyuta yenyewe, kama vile muziki au video, bila kutumia maikrofoni. Kwa kuwa sauti hubaki katika mfumo wa kidijitali, kelele za chumbani haziingii. PulseAudio, programu ya kusimamia sauti katika Linux iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, hukipa kila kifaa cha kutolea sauti chanzo kiitwacho «monitor». Chanzo hicho huchaguliwa kupitia pavucontrol, programu ya mipangilio ya sauti, na kurekodiwa kwa programu kama Audacity au OBS Studio. PipeWire, programu nyingine ya kusimamia sauti iliyoanzishwa na Wim Taymans, ilichukua nafasi ya PulseAudio katika Fedora 34, toleo la mojawapo ya mifumo ya Linux, mwaka 2021 na huendeleza utaratibu huo. Anayerekodi kazi za wengine azingatie pia hakimiliki: nchini Kenya, rekodi za sauti hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.