Besi, koo la mwanao, na kioo cha daktari wa meno (Sehemu ya 6)

Mama zangu, baada ya posti ya balehe wengi mmeniuliza: kijana sauti imeshakuwa nzito, mwalimu wa kwaya kamweka besi, na sasa anamkazania ashuke chini zaidi halafu apande juu. Je, koo linafundishika?

Twende kwanza mwaka 1825. Mhispania mmoja kijana, Manuel García, aliimba opera New York na kundi la baba yake akiwa na miaka 20. Sauti yake ilikuwa baritoni, jirani wa besi. Haikuhimili kazi ile, na baada ya miaka michache akaachana na jukwaa. Akaenda kwenye hospitali za jeshi Ufaransa kujifunza koo limejengwaje (hapo ndipo mimi nesi nampendea). Akawa mwalimu wa kuimba.

Kwa miaka mingi alifundisha kitu asichokiona. Mwaka 1854 akachukua kioo kidogo chenye mpini, cha daktari wa meno, akakipasha kwenye maji ya moto kisishike ukungu, akakiingiza mpaka nyuma ya koo lake mwenyewe. Kwa kioo cha pili akamulika jua mle ndani. Akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga! Mwaka uliofuata taarifa yake ikasomwa Royal Society, London, na madaktari wakakidaka kioo kile.

Sasa kwa kijana wako. Noti za chini zinategemea urefu na unene wa nyuzi, na huo unaletwa na balehe. Mazoezi yatazisafisha noti alizonazo, pengine yaongeze moja mbili, ila koo jipya hapati. Nafasi kubwa iko juu. Huko nyuzi zinavutwa na kuwa nyembamba, kwa hiyo besi anajifunza kupunguza uzito wa sauti kadiri anavyopanda. Akipanda kwa kupiga kelele, nyuzi zinagongana kwa nguvu. Akizoea hivyo, zinaweza kuota vinundu, kama sugu ya mkono wa mlima jembe.

García alitaka mvulana asiimbe kabisa mpaka sauti itulie. Walimu wengi wa leo wanaruhusu aimbe polepole, katika noti zisizomkaza, na mimi niko upande wao. Kumnyamazisha kijana anayependa kwaya ni kumtoa kwaya. Ila mwambieni mwalimu asimpe noti ya kumkunja shingo. Koo likiuma, mazoezi yameishia hapo. Maji anywe.

Na sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hata kwa baba yake, msiendelee na tangawizi. Muoneni daktari wa masikio, pua na koo. Akishindwa kupumua vizuri au kumeza, ni siku hiyohiyo.

García alifariki London mwaka 1906, ana miaka 101.

Sehemu ya 7: mtoto mchanga anayekoroma.