Ukimya wa Mkutano si Ridhaa: Upendeleo na Hofu katika Utawala wa Vijiji vya Ngara na Biharamulo



Wanazuoni wa fiqhi wanayo kanuni mashuhuri, inayonasibishwa na Imam Shafii, kwamba aliyenyamaza hapachikwi kauli. Kanuni hiyo ina upande wa pili: pale panapohitajika maneno, na mtu ana uwezo wa kusema, ukimya wake huhesabiwa kuwa ni kauli. Ndiyo maana ukimya wa bikira anapotakwa idhini ya ndoa huchukuliwa kuwa ni ridhaa. Sasa tujiulize: mkutano wa kijiji unaposomewa mapato na matumizi, na watu wote wakainamisha vichwa, je, wameridhia? Historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, inatusaidia kujibu.

Mamlaka katika mkono mmoja

Sehemu kubwa ya Ngara ni nchi za kale za Bugufi na Bushubi. Bugufi ilifungamana na ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya wakoloni, na hadi leo Kihangaza kinasikilizana na Kirundi. Biharamulo, Wajerumani walijenga boma lao mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, walitawala kupitia machifu. Chifu alisimamia kodi, na chifu huyohuyo aliketi barazani kuhukumu. Aliyedhulumiwa naye alikwenda kushitaki kwa Bwana Shauri, ambaye kazi zake zote zilimtegemea chifu huyo.

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, kisha zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Sheria Namba 7 ya mwaka huo iliupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, nafasi ya juu kabisa katika mambo ya kijiji. Kwa maandishi, mwenye kuulizwa ni kiongozi na mwenye kuuliza ni raia.

Lakini hofu haiondolewi na maandishi peke yake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Masharti yamewekwa, ila mkulima hayajui masharti. Anachokijua ni mahabusu. Februari 2009, katika Bukoba iliyo mkoa huohuo, walimu wa shule za msingi walichapwa viboko kwa amri ya mkuu wa wilaya kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimwondoa kazini mara moja. Hata hivyo, mwanakijiji aliyesikia habari ile alijiuliza: ikiwa mwalimu amechapwa, mimi nitafanywaje?

Mpaka na muhuri

Ngara na Biharamulo zina jambo jingine linalozidisha hofu, nalo ni mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994, kiasi cha watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi, wakajaa Benaco. Desemba 1996 wakimbizi hao walirudishwa kwao. Julai 2013 Rais, akiwa ziarani Kagera, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa waliovuka kwenda ng'ambo walikuwamo watu walioishi Tanzania kwa miongo ya miaka, na familia ziligawanyika.

Ndugu msomaji, tazama uzito wa jambo hili. Wazee wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Anayethibitisha kwamba fulani ni mwenyeji ni mwenyekiti na mtendaji, kwa barua na muhuri wao. Mtu anayezungumza lugha inayofanana na ya ng'ambo atathubutu vipi kumuuliza mwenye muhuri kwa nini shamba la kijiji limegawiwa shemeji yake? Akiuliza leo, kesho ataweza kuulizwa yeye: wewe ni wa wapi?

Umar (r.a.) na watu wa Kufa

Imam Bukhari amepokea kisa cha watu wa Kufa waliomshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas (r.a.), kwa Khalifa Umar bin Khattab (r.a.). Umar alimwondoa Saad, akamweka Ammar (r.a.), kisha ndipo akatuma wachunguzi. Wachunguzi hawakukaa ofisini wakingoja watu. Walipita msikiti kwa msikiti wakiuliza, na kila mahali Saad alisifiwa. Katika msikiti wa Bani Abs tu alisimama Usama bin Qatada, akadai kwamba Saad hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa wala hahukumu kwa uadilifu.

Shitaka hilo lilikuwa ni la upendeleo hasa, nalo lilikuwa la uongo. Saad, aliyekuwapo pale, hakuomba askari. Alimshitakia Allah (s.w.), na dua yake ikajibiwa. Umar naye, kabla ya kufa, alibainisha kwamba hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala khiyana.

Tunayojifunza

Kwanza, mamlaka yalitangulia kuondolewa, uchunguzi ukafuata. Kwa hiyo aliyeulizwa hakuwa chini ya mkono wa anayelalamikiwa. Pili, heshima ya kiongozi asiye na kosa ilirudishwa hadharani. Tatu, mzushi ana Mola wa kumhesabu, hivyo anayeshitaki asiseme ila alilo na hakika nalo. Ibn Taymiyya naye ameeleza katika As-Siyasa ash-Shar'iyya kwamba kumpa mtu cheo kwa udugu au urafiki, na kumwacha anayestahiki zaidi, ni kuikhini amana.

Tanzania ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ni hatua njema, lakini mlinzi wa kwanza wa mlalamikaji ni jirani yake. Imamu wa Rulenge au Nyakanazi asipomwacha msema kweli asimame peke yake, awe Mwislamu au asiwe, amefuata mwendo wa Umar. Na kiongozi anayejivunia kwamba hakuna aliyemlalamikia, ajiulize kwanza: je, watu wake wangeweza kusema wakalala salama? Kama hawawezi, ukimya wao hauhesabiwi kuwa ridhaa.

Wallahu aalam.