Katizo la kifaa pepe

Ishara ambayo mwenyeji huipelekea mashine pepe kuiarifu kuwa kazi iliyoagizwa, tuseme kusoma diski, imekwisha. Kwenye Linux huonekana wazi katika virtio, mfumo wa vifaa pepe ulioasisiwa na Rusty Russell na kuingia katika kiini toleo 2.6.24, Januari 2008.

Vifaa kadhaa vinapochangia laini moja ya katizo, kiendeshi husoma rejista ya hali: biti 0 ni ya foleni, biti 1 ya mabadiliko ya usanidi. Kusoma kwenyewe ndiko kunakolifuta katizo. Kiendeshi kisiposoma, laini hubaki imewaka. Katika makatizo 100,000, yakizidi 99,900 yasiyo na mwenyewe, Linux huifunga laini hiyo, na kifaa jirani kisicho na kosa nacho huathirika.

Hitilafu ngumu zaidi kuinasa ni ya mpishano. Kiendeshi humaliza foleni, huruhusu makatizo, kisha hulala. Jibu lililoingia kati ya hatua mbili za kwanza halitangazwi, na programu husubiri bila kikomo. Dawa yake ni fupi: ruhusu makatizo, weka kizuizi cha kumbukumbu, kisha kagua foleni tena kabla ya kulala.

Mfumo wa makatizo wa MSI-X huweza kuipa kila foleni katizo lake, hivyo rejista ya hali haisomwi.