Hongo, Taa na Njia za Panya: Uchaguzi wa Njia Karagwe na Nadharia ya Makutano

Msafiri anapozuiwa njiani ana mambo mawili ya kufanya: kungoja au kutafuta njia nyingine. Wahandisi wa usafiri huliandika jambo hili kwa milinganyo, nao huliona kuwa ni tatizo la miji mikubwa yenye taa za kuongozea magari. Insha hii inadai kwamba tatizo lenyewe ni la kale kuliko taa, na kwamba historia ya Karagwe inalionesha kwa uwazi usiopatikana katika mifano mingi ya vitabuni. Ihembe, kata ya wilaya ya Karagwe katika mkoa wa Kagera, si mahali pa taa za barabarani. Hata hivyo imo katika nchi ambayo hadi mwaka 2012 iliijumuisha pia Kyerwa, na ambayo katika karne ya 19 ilipata utajiri na kisha kuupoteza kwa sababu ya njia ambazo wageni walichagua kuzipita.

Katikati ya karne hiyo, njia kuu ya misafara iliyokwenda Buganda ilianzia Unyanyembe, katika Tabora ya leo, ikapita Usui, ikaingia Karagwe na kuvuka mto Kagera. Huko Kafuro, karibu na Bweranyange, makao makuu ya watawala wa ukoo wa Wahinda, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa na kituo chao. Pembe za ndovu zilishuka kusini. Vitambaa, shanga na bunduki vilipanda kaskazini. Kila mtawala aliyekalia njia alidai hongo. Neno hili lilikuwa bado halijapata maana ya rushwa tunayoijua leo: lilikuwa ada ya kupita, iliyojadiliwa mbele ya watu, na mara nyingi kwa siku nyingi. Siku hizo ndizo zilizouma zaidi. Wapagazi walikula kila siku, msafara uende usiende, na kwa hiyo bei halisi ya hongo ilikuwa vitambaa vilivyotolewa pamoja na chakula cha watu waliokaa bure.

John Hanning Speke na James Grant waliyaonja hayo mwaka 1861. Mtawala wa Usui, Suwarora, aliwachelewesha kwa madai ya hongo hata wakakaribia kukata tamaa. Walipofika Karagwe mwezi Novemba, Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu uliowashangaza. Tofauti hii ni muhimu kwa hoja yetu. Karagwe ilikuwa lango lililo wazi, lakini ili ulifikie ilikubidi upite kwanza kwenye lango lililofungwa.

Ndipo njia ya pili ikaanza kupata nguvu. Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, ufukwe wa kusini wa Ziwa Victoria, kwa mashua yake Lady Alice, na mwezi uliofuata alikuwa mbele ya Kabaka Mutesa. Wamisionari wa Kianglikana waliofika Buganda mwaka 1877 walipita ziwani, na mapadri Wakatoliki walifanya hivyo mwaka 1879. Njia hiyo haikuwa salama. Desemba 1877 wamisionari wawili, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi uliomhusisha mfanyabiashara Songoro na mtawala Lukonge. Wala haikukosa kizuizi chake, kwa kuwa mitumbwi ya Buganda ilikwenda kwa idhini ya Mutesa. Lakini watu waliendelea kuichagua, na kadiri walivyoongezeka ndivyo njia ya nchi kavu ilivyopungukiwa.

Mtu anaweza kusema kuwa Karagwe ilidhoofika kwa sababu nyingine: kifo cha Rumanyika yapata mwaka 1878 na migogoro ya urithi iliyofuata. Ni kweli, wala sikusudii kuipunguza sababu hiyo. Tena Stanley alipofika Kafuro mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara bado wapo, kwa hiyo mabadiliko hayakuwa ya siku moja. Nionavyo mimi, migogoro ya ikulu inaeleza kwa nini Karagwe haikuweza kuwarudisha wasafiri, lakini haielezi kwa nini walianza kuondoka. Hilo la pili linaelezwa na kizuizi kilichokuwa kwa jirani. Suwarora aliweza kuwahesabu waliofika kwake na kulipa. Waliogeukia ziwa hakuwaona, na hasara yao haikumwangukia yeye peke yake, bali pia mtawala wa Karagwe ambaye hakuwa amewazuia.

Nadharia ya jambo hili ilichelewa kuandikwa. Mwaka 1952 Mwingereza John Glen Wardrop alitoa kanuni ambayo bado ni msingi wa fani: wasafiri hugawanyika katika njia hadi ifike hali ambayo hakuna anayeweza kupunguza muda wake kwa kubadili njia peke yake. Wardrop alitoa pia kanuni ya pili, kuhusu mgawanyo unaoupa umma wote wastani mdogo kabisa wa muda, na akaonesha kuwa hali hizo mbili si lazima zilingane. Miaka sita baadaye F. V. Webster alichapisha mbinu ya kupanga mzunguko wa taa: kila upande upewe muda wa kijani kulingana na magari yake, yakilinganishwa na uwezo wa barabara yake. Mbinu hiyo ni nzuri kama magari ni yale yale kila siku. Kosa linaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni, unaofuata hoja ya Mike Smith wa Chuo Kikuu cha York, aliyeitoa mwishoni mwa miaka ya 1970. Barabara mbili zinakutana kwenye taa moja: moja fupi na nyembamba, inayopitisha magari 1,800 kwa saa ya kijani kitupu; nyingine ndefu kidogo na pana, inayopitisha 3,600. Madereva wanaipenda ile fupi. Mpangaji wa taa anaona foleni huko, anaiongezea kijani. Kwa kuongezewa kijani, inazidi kupendeza, na waliokuwa kwenye barabara pana wanahamia huko. Mwisho karibu kijani chote kiko kwenye barabara nyembamba, na makutano ambayo yangeweza kupitisha magari 3,600 yanapitisha nusu yake. Hakuna aliyekosea hesabu. Taa ilifuata magari, magari yakaifuata taa.

Taa ya kwanza ya aina hii, iliyowekwa London Desemba 1868, ilitumia gesi na iliendeshwa kwa mkono wa askari. Ililipuka mwezi uliofuata. Mkono wa askari haujaondoka. Dar es Salaam, saa za msongamano, dereva huutazama mkono wa trafiki kabla ya kuitazama taa. Askari huumaliza mstari mrefu anaouona, huku mistari asiyoiona ikirefuka, na wenye magari madogo na bodaboda huingia mitaani. Madereva wa Dar es Salaam huviita vichochoro hivyo njia za panya.

Jina hilo hilo linatumika Kyerwa, kwa njia za kupitishia kahawa kwenda Uganda pasipo kupita kituo cha mpakani Murongo. Tangu msimu wa 2018 wakulima walielekezwa kuuza kupitia vyama vya msingi, na bei ya ng'ambo ilipokuwa bora, magendo yaliendelea. Anayekaa kwenye kizuizi na kuhesabu magunia anaandika idadi ya waliokubali kupita kwake, kama Suwarora.

Suala hili lina uzito wa leo kwa Ihembe. Barabara hupangiwa fedha kwa kuangalia, pamoja na mengine, idadi ya magari yanayopita. Barabara mbovu ya vumbi, isiyopitika vizuri wakati wa masika, itahesabiwa magari machache, na uchache huo utasomwa kama ushahidi kuwa haihitajiki. Lami ya kilomita 59 kutoka Kyaka hadi Bugene imeifanya njia ya Omurushaka kuwa ile inayovuta wengine, na hesabu ya hapo itazidi kupanda, ikiwa na magari ambayo yangepita kwingine kama kungepitika. Kwa hiyo hesabu ya magari njia panda haitoshi. Inapasa kuanzia shambani: kaya za Ihembe ziulizwe ndizi, maharage na kahawa yao huuzwa wapi, hubebwa kwa pikipiki au kwa lori, hupitia wapi kiangazi na wapi masika, na ni mzigo gani ulioachwa nyumbani kwa kukosa njia.