Mashindano ya Uandishi na Ufundishaji wa Kiingereza: Funzo la Historia kwa Shule za Mwakitolyo

Makala hii inadai kwamba shindano la ubunifu hukuza lugha pale linapowaachia wanafunzi kitu cha kusoma. Mwaka 1957/58 East African Literature Bureau iliendesha shindano la hadithi za Kiswahili. Mshindi, Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, alichapishiwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960; tuzo ile ikazaa wasomaji wa Bwana Msa, si mshindi pekee.

Historia ya Kiingereza ni tofauti. Mwaka 1984 Criper na Dodd walibainisha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania hawakuimudu lugha waliyofundishiwa. Mradi uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi, mkazo ukiwa kwenye usomaji.

Mwakitolyo, penye wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Shinyanga, watoto wengi huanza na Kisukuma, husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa kwa Kiingereza sekondari. Shindano la mtandaoni linalodai Kiingereza tangu mwanzo litawatuza walio nacho tayari. Wanafunzi wasimulie kwanza habari za maduara na makarasha kwa Kiswahili, ndipo waziandike upya kwa Kiingereza. Hadithi zote, si ya mshindi tu, zisambazwe kwa simu ya mwalimu na kwa nakala za karatasi. Hapo uandishi na usomaji, vilivyotenganishwa na historia, vitakutana.