Ushirika kati ya Milima ya Umatengo na Ziwa Nyasa

Mtu asimamaye ufukweni Mbamba Bay ana ziwa mbele yake na milima nyuma yake. Ziwani mna usipa na samaki wengine. Milimani, katika nchi ya Wamatengo, mna kahawa mitelemkoni, na mahindi na maharage katika mashamba ya ngolo. Riziki ya huku hutoka majini na ya kule udongoni, lakini mvuvi na mkulima wana shida moja: kila mmoja huvuna kidogo, huuza peke yake, na hukaa mbali na soko kubwa. Mnunuzi mmoja akutanapo na wauzaji mia waliotawanyika, yeye ndiye atajaye bei. Shida hiyo ndiyo mama wa ushirika.

Ushirika si sadaka, wala si kampuni. Katika kampuni mwenye hisa nyingi ana sauti kubwa. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, tajiri na maskini sawasawa, na ziada hugawanywa kwa kadiri ya mazao aliyoleta mtu au bidhaa alizonunua. Kanuni hizo zilipata umbo lililoigwa na wengi huko Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, watu 28, wafumaji miongoni mwao, walipofungua duka lao wenyewe.

Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932. Miaka minne baadaye, yaani 1936, kilianzishwa Songea chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, kilichofahamika kwa jina la NGOMAT. Wakati ule wilaya ya Songea ilienea mpaka ufukwe wa Nyasa. Umbo la chama hiki lilikuwa la kuuza mazao, hasa tumbaku. Kila mkulima alibaki na shamba lake na jembe lake. Kilichounganishwa ni mzani, ghala na sauti ya kutaka bei. Desturi ya vyama vya namna hiyo ni kwamba chama cha msingi hupokea mazao kijijini na kutoa malipo ya kwanza, chama kikuu huuza, na baada ya gharama kukatwa mkulima hupata malipo ya pili. Ndiyo maana imani yote ya ushirika imo katika muda ulio kati ya malipo hayo mawili.

Umbo la pili lilikwenda mbali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU walihamia Litowa, karibu na Songea, wakalima pamoja na kugawana mapato kwa kazi. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Ruvuma Development Association, vikawa na shule na kinu cha kusaga nafaka. Hapa kilichounganishwa si soko tu bali jasho lenyewe, na mkutano wa kijiji ndio ulioamua. Mwalimu Nyerere aliupenda mfano huo. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali yake ikachukuliwa. Wenye kazi hawakuulizwa.

Umbo la tatu lilitoka juu. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kizima kuwa chombo cha ushirika, na Mei 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mtu akawa mwanachama kwa kuwa anakaa mahali, si kwa kuwa amechagua. Mzani ulikuwapo bado, lakini aliyeutazama hakuwa na kura juu yake.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, na Mbinga ikapata chama chake, MBICU. Chama kilileta jina la ushirika, lakini mazoea ya miaka iliyotangulia hayakufutika kwa sheria. Pembejeo zilitolewa kwa mkopo, na deni likakatwa kahawa ilipouzwa. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, mkulima aliyewauzia hao alipokea fedha taslimu bila makato, na deni likabaki shingoni mwa chama. MBICU ilielemewa ikaanguka. Wengine walimlaumu mkulima kwa kukosa uaminifu; lakini ni vigumu mtu kuwa mwaminifu kwa kitu ambacho kwa miaka mingi ameambiwa ni chake, naye hakupata kukiongoza.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe tena kupitia vyama vya msingi. Kando yake vipo vyama vya kuweka na kukopa, umbo la nne, ambalo huunganisha akiba na kumfaa hata mvuvi anayehitaji nyavu.

Historia ya Ruvuma haisemi kwamba umbo moja ni jema na jingine ni baya. NGOMAT na Litowa zilitofautiana sana, lakini zote mbili ziliondolewa kwa amri. Inalosema ni kwamba ushirika huishi pale mwanachama anapoweza kuuona mzani, kulisoma daftari, na kumwondoa kiongozi kwa kura yake. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililofungwa mbele ya mwenye mali halina tofauti na daftari lisilokuwapo.