Utambulisho wa Filamu: Istilahi na Kazi Yake katika Distopia

Bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza iliwahi kuwapa wanafunzi wa sekondari ya juu, katika somo la vyombo vya habari, zoezi la kutengeneza majina na mwanzo wa filamu mpya ya kubuni, usiozidi dakika mbili. Filamu nzima haikutakiwa. Wapo vijana waliochagua kubuni distopia, na si ajabu: dunia iliyoharibika hupatikana hata kwenye korido ya shule baada ya saa za masomo. Mwalimu anayetaka kutoa zoezi kama hilo kwa Kiswahili hukwama mapema, kwa kuwa hajui kitu chenyewe akiiteje.

Ukitafsiri neno kwa neno Kiingereza "title sequence" utapata "mfuatano wa vichwa", na msomaji ataanza kuwaza vichwa vya watu. "Intro", wanavyosema vijana, ni pana mno, maana hata wimbo na kipindi cha redio vina intro. "Majina ya mwanzo" inaeleweka, ila inataja majina tu na kuacha picha, muziki na mwendo, navyo ndivyo vinavyobeba nusu ya maana. Tukisema "maandishi ya mwanzo" tutakuwa tumekosea zaidi, kwa sababu majina si lazima yaandikwe. Mwaka 1966 François Truffaut alitengeneza Fahrenheit 451 kutokana na riwaya ya Ray Bradbury, kuhusu nchi ambamo vitabu ni haramu na kikosi cha zimamoto kinafanya kazi ya kuvichoma. Mwanzoni mwa filamu hiyo majina ya washiriki hayaandikwi. Sauti ya mtu inayataja, huku kamera ikizisogelea antena za televisheni juu ya mapaa ya nyumba. Kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo, mtazamaji amekwisha kuonja sheria ya nchi hiyo.

Kwa hiyo napendekeza "utambulisho wa filamu". Harusini, MC anapofanya utambulisho hutaja mtu na nafasi yake, na kwa sauti, utani na muziki anaochagua, mgeni hujua shughuli aliyoijia ni ya namna gani. Utambulisho unaweza kuwa wa mdomo, wa maandishi au wa ngoma, na neno halibadiliki. Ile orodha ndefu inayopanda kwenye kioo filamu ikishakwisha ibaki kuitwa "orodha ya washiriki", kwani kazi yake ni kuwataja watu wote na kuwashukuru.

Istilahi ya pili ni distopia. Mwaka 1516 Thomas More aliunda neno utopia kutokana na Kigiriki, akimaanisha mahali pasipokuwapo, huku akichezea sauti ya neno lenye maana ya mahali pazuri. Mwaka 1868 John Stuart Mill, akizungumza bungeni Uingereza kuhusu Ireland, alitumia kinyume chake kuwakejeli watu ambao sera yao aliiona mbovu kiasi cha kutotekelezeka. Kwa Kiswahili twaweza kujaribu "dunia mbovu" au "jamii dhalimu", lakini udhalimu peke yake hautoshi. Distopia ni jamii ya kubuni ambamo uovu umegeuzwa utaratibu, una ofisi, mihuri na ratiba, na mara nyingi huhubiriwa kuwa ni heri ya wote.

Jambo hilo si geni kwetu. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria, katika nchi iliyo angani. Katika filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi ya mwaka 2009, watu wanaishi ndani baada ya Vita vya Maji, na hata jasho na mkojo husafishwa ili vinyweke. Dhana tunayo, ila hatuna neno moja linaloienea. Tutohoe basi "distopia", tuiweke katika ngeli ya I/ZI, na tuieleze mara moja tu.

Istilahi hizi mbili zikikutana, kazi ya mwanafunzi inajieleza: utambulisho wa distopia hautoki nje ya sheria ya dunia yake. Katika Gattaca ya Andrew Niccol (1997), ambamo watu hupangwa kwa kufuata jeni zao, tunaona kwa karibu sana vipande vya kucha na nywele vikidondoka kwa kishindo kikubwa kuliko umbo lake halisi. Katika majina, herufi A, C, G na T, zile za DNA, zimetengwa na nyinginezo, na jina la filamu limeundwa kwa herufi hizohizo tupu. George Lucas alianza na filamu fupi ya distopia mwaka 1967 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California. Alipoigeuza kuwa filamu ndefu, THX 1138 ya mwaka 1971, majina ya mwanzo aliyashusha kutoka juu kwenda chini, kinyume cha tulivyozoea.

Kupanga kuanze na sentensi moja ya sheria, kwa mfano: "Katika mji huu hakuna anayelala bila kibali." Sheria hiyo itatoa vitu vya kupiga picha: fomu, muhuri, saa ya ukutani, taa ya korido inayowaka usiku kucha. Itatoa pia namna ya kuweka majina. Jina la mwigizaji linaweza kuchapwa kwenye fomu ya kibali, na la mhariri likagongwa muhuri wa kukataliwa. Katika storibodi, kila mchoro uonyeshe mahali jina litakapokaa na sauti itakayosikika. Kisha piga hesabu: majina 12 kwa sekunde 5 kila moja ni dakika nzima. Katika sinema za Hollywood waigizaji wakuu hutangulia na jina la mwongozaji huwa la mwisho, lakini utaratibu huo nao unaweza kuvunjwa, mradi dunia ya filamu idai hivyo.

Siku ya kurekodi, kamera iwe kwenye stendi, na kila shoti iachiwe sekunde kadhaa za ziada, maana jina halisomeki juu ya picha inayokatwa haraka. Upande mmoja wa fremu uachwe wazi kwa ajili ya herufi. Mlio wa feni, jenereta au kipaza sauti cha shule urekodiwe peke yake, ukose maneno ya watu, ili uwekwe chini ya picha wakati wa kuhariri.

Kwa watunga kamusi za filamu na walimu, pendekezo ni hili: utambulisho wa filamu, orodha ya washiriki, distopia. Mwenye neno bora kuliko "utambulisho" alilete, ila lazima lienee hata filamu isiyoandika jina la mtu yeyote.